Kolo, Baada ya Saa Kumi na Mbili

Tulichelewa. Pancha Haneti, na fundi alikuwa msibani,
tukafika Kolo jua limeshaegemea ukuta wa bonde.
Zaituni Lubuva alikuwa anafunga ofisi ya mambo ya kale,
kitambulisho shingoni, mtoto mgongoni,
akatutazama mmoja mmoja kama anayehesabu chenji:
mimi mkalimani wa kukodiwa, dereva Chilongani,
na mtawa Sumana wa Kandi, kichwa kimenyolewa,
shuka lake rangi ya boga lililoiva.
"Usiku hatupandishi watu," akasema.
Kisha akamkabidhi jirani mtoto, akachukua tochi.

Njia ni mawe yaliyolala ovyo kama ng'ombe waliochoka.
Miiba ikatushika nguo, ikauliza tunakwenda wapi.
Zaituni anatangulia na maneno yake ya kila siku,
yale ya kukariri, yenye miaka na majina ya Wazungu,
nami nayageuza, nusu nayameza kwa kuhema.
Chini ya jabali la kwanza mtawa akavua kandambili.
"Mwambie hapa si msikitini," Zaituni akaninong'oneza,
"kuna nge."
Nikamwambia. Akatabasamu, akaendelea pekupeku.

Halafu tochi ikainuka.

Twiga, shingo tu, mwili umeliwa na chumvi ya mwamba.
Pofu akitazama nyuma.
Watu wembamba kama njiti, vichwa mviringo wa nywele,
wawili wamemshika mikono wa katikati.
Wanamwokoa au wanamteka, Zaituni hajui.
"Na anayejua," alisema, "hakuacha namba."

Wekundu ule. Si wa damu, si wa rangi ya dukani.
Doa la chai kwenye kitambaa kilichofuliwa mara mia.
"Zamani walioleta wageni waliumwagia mwamba maji,
picha zing'ae, mgeni afurahi, bakshishi itoke.
Ziling'aa kweli.
Kila kopo liliondoka na kidogo."
Hapo sikutafsiri mara moja.
Nilimkumbuka baba, nilivyomdadisi wodini
siku zile za mwisho, niambie hili, niambie lile,
mpaka akageukia ukutani.

Pango la juu lina kazi bado.
Kibuyu kilichopasuka, majivu, harufu ya pombe ya uwele
iliyochacha tangu Novemba.
Mvua ikigoma, watu hupanda hapa na kondoo.
Mtawa akakunja miguu, akakaa, akafumba macho.
Tochi ya Zaituni ikawa njano, ikawa chungwa, ikafa.

Tulinyamaza. Chini kule taa chache,
pikipiki moja ikikohoa kuelekea Kondoa. Popo.
"Muulize anaomba nini."
Nikauliza. Gizani ikatoka sauti yake ya taratibu:
haombi chochote.
Zaituni akacheka hadi mwamba ukaitikia.
"Basi mwenzangu huyu hana shamba!"
Nikatafsiri, naye akacheka, kicheko cha mtoto aliyefumaniwa na sukari,
akasema baba yake alilima mpunga kwenye matuta ya mlimani,
na mwaka wa ukame mama aliuza bangili zake, moja moja.
Baada ya hapo walizungumza bila mimi,
huyu Kisinhala, huyu Kirangi,
sijui nani alimwelewa nani.

Kushuka tulishikana mikono, mimi katikati.

Ofisini, kitabu cha wageni, safu ya mwisho: Maoni.
Mtawa aliiacha tupu.
Chilongani, ambaye hakupanda, akaandika "Nzuri sana."
Nyayo za Sumana zilikuwa nyekundu hadi kifundoni.
Zaituni akamletea kopo la maji,
akaeleza kwa vidole bei ya dumu, na umbali wa kisima.
Akanawa mguu mmoja.
Maji yaliyobaki akayarudisha dumuni,
polepole, bila kumwaga.